Namba 214 katika Kitabu cha Ukoo wa Winnock

Tarehe 4 Agosti 1962, siku ya Jumamosi, kitabu cha nasaba ya ukoo wa Winnock kiliwekwa mezani kwa mara ya kwanza, kwenye mkutano wa mwaka wa ukoo, hapa Wexcombe, Massachusetts. Kina kurasa 412. Aliyekiandika ni Lois Winnock Farrar, ambaye tunamzika leo. Katika ukurasa wa 88 namba za wanaukoo zinafika 213, kisha inafuata 215. Mwenye nakala nyumbani anaweza kufungua akaona.

Wengi wenu mnayo nakala, na wengi wenu mmelicheka pengo hilo. Wasifu huu unaeleza kwa nini lipo. Marehemu mwenyewe aliagiza lielezwe, na mtu aliyenyimwa nafasi ile ameketi leo benchi la pili, upande wa dirisha.

Lois Mehitable Winnock alizaliwa Jumatano, 9 Machi 1921, katika nyumba ya baba yake, Barabara ya Kinu. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Bwana Harlan Winnock, mkulima wa tufaha, na Bi Edith. Kaka yake Warren alimtangulia mwaka 1971. Alibatizwa katika kanisa hili tarehe 1 Mei 1921. Daftari la ubatizo linaonyesha kwamba mchungaji alikosea mwaka akaandika 1920. Lois aliligundua kosa hilo akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, akamwomba mchungaji alisahihishe mbele yake. Mchungaji akamwambia, "Mwanangu, Mungu anajua ulizaliwa lini." Lois akajibu, "Mungu anajua, ila daftari halijui."

Alisoma shule ya mji huu hadi 1938, kisha chuo cha wanawake magharibi mwa jimbo letu, akahitimu shahada ya historia Juni 1942. Alifundisha historia sekondari kwa miaka miwili. Hakuipenda kazi ile. Alisema wanafunzi walitaka kujua nani alishinda vita, na yeye alitaka kujua nani aliandika hivyo na alikuwa amesimama wapi.

Mwaka 1945 baba yake alikuwa na ugomvi wa mpaka na jirani. Mahakama ilimtuma mpima ardhi kijana, Chester Farrar, aliyekuwa ametoka jeshini mwaka uleule. Chester alipima siku mbili, akakuta ukuta wa mawe wa Bwana Harlan umeingia futi nne katika shamba la jirani, na umekuwa hapo miaka sabini. Bwana Harlan akamkaribisha mezani akamwambia, "Kijana, futi nne ni nini? Mbuzi mmoja akilala anazimaliza." Lois alikuwa anamimina chai. Akaweka birika chini. "Baba, ukuta utahamishwa, au mimi nitakwenda kwa jirani nimwambie." Ukuta ukahamishwa, jiwe moja moja, vuli nzima, na Lois mwenyewe akibeba. Upo mpaka leo. Chester alirudi mara tatu kukagua kazi ambayo haikuhitaji kukaguliwa. Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 12 Oktoba 1946. Miaka yote, akiulizwa kwa nini alimwoa Lois, Chester alijibu kwa maneno yaleyale: "Kwa sababu ya ukuta." Walibarikiwa mtoto mmoja, Alden. Chester alifariki tarehe 30 Mei 1979, akiamini kwamba mke wake hakuwahi kusogeza jiwe la mtu.

Machi 1948 mkutano wa mji ulimchagua Lois kuwa karani wa mji, na ukaendelea kumchagua kila mwaka hadi alipostaafu 1983. Kwa miaka thelathini na mitano kila aliyezaliwa, aliyeoa na aliyekufa Wexcombe alipita chini ya kalamu yake. Mwaka 1953 mkulima mmoja tajiri alikuja ofisini akiomba tarehe ya kuzaliwa ya mjukuu wake isogezwe mbele miezi mitatu, ili ikae vizuri na tarehe ya harusi. Lois alimwambia, "Mtoto alizaliwa siku aliyozaliwa. Sogeza harusi ukiweza." Habari ile ilienea mji mzima kabla ya jua kuchwa, na haikuenezwa na Lois.

Lakini kazi aliyoiita kazi yake ilikuwa ya jioni na Jumamosi. Kuanzia 1949 alianza kufuatilia nasaba ya ukoo hadi kwa Elkanah Winnock, fundi mapipa, aliyeteremka melini katika ghuba hii Juni 1637. Mwaka 1955 alikwenda Uingereza, akakaa wiki tatu katika vijiji vya Suffolk akisoma vitabu vya makanisa, mikono ikiwa ndani ya glavu za sufu kwa sababu ya baridi. Akapata ubatizo wa Elkanah. Akapata pia kwamba Elkanah hakuwa mwana wa mheshimiwa mwenye nembo ya ngao yenye simba, kama ukoo ulivyoamini kwa miaka mia. Alikuwa mtoto wa fundi mapipa, na kabla ya kupanda meli alishtakiwa mara mbili kwa kuuza mapipa yanayovuja.

Aliporudi aliiteremsha ngao ya simba kutoka ukuta wa ukumbi wetu, akasimama mbele ya mkutano akasoma mashtaka ya mapipa neno kwa neno. Binamu Thaddeus Winnock akauliza kutoka nyuma, "Lois, kwa hiyo tulifukuzwa?" Akajibu, "Tulivuja, Thad. Tukafika huku." Watu walicheka mpaka machozi. Mashtaka yale aliyachapisha yote, ukurasa wa 3. Yalikuwa na umri wa miaka mia tatu na yalichekesha, hivyo hayakumgharimu kitu.

Alikuwa na kanuni moja, na kila mwanaukoo anaijua: hakuna karatasi, hakuna mtu. Aliyetaka kuingia kitabuni alipaswa kuleta cheti, wosia, daftari la kanisa au ukurasa wa Biblia ya familia. Kumbukumbu za bibi hazikupokelewa. Aliwakataa watu zaidi ya arobaini, akiwamo mke wa jaji mmoja, aliyekuja na gari lenye dereva akaondoka analia. Tulijivunia kanuni ile. Tuliwasimulia majirani. Tangu kitabu kitoke, tumekuwa tukichonga namba zetu kwenye mawe ya makaburi, chini ya jina, na wageni wakituuliza maana yake tunawaeleza kwa furaha ambayo hatukuwahi kujiuliza inatoka wapi.

Mwezi Aprili 1957, chumba cha darini cha nyumba ya Barabara ya Kinu kilipokuwa kinasafishwa, Lois alikuta Biblia ya Shemasi Ebenezer Winnock, mjukuu wa mjukuu wa Elkanah. Katikati ya Agano la Kale na Agano Jipya mlikuwa na kurasa za familia, kwa mwandiko wa shemasi. Ukurasa wa tatu ulikuwa na maneno haya: "Februari 3, 1764. Amezaliwa Prudence, binti ya mwanangu Joseph kwa Dinah, mtumwa wa nyumba hii. Naandika kwa aibu, lakini naandika."

Shemasi Ebenezer hastahili sifa kwa hilo. Alimmiliki Dinah na hakumwachia huru hadi alipokufa. Lakini aliandika.

Lois alimtengenezea Prudence kadi ya mwanaukoo, kama kanuni ilivyotaka, akampa namba 214. Kisha, wakati fulani mwaka uleule, aliukata ukurasa ule kwa wembe wa Chester. Biblia yenyewe aliikabidhi kwa jumba la kumbukumbu la mji, ambako iko hadi sasa ndani ya kabati la kioo, imefunguliwa kwenye Zaburi.

Jumamosi, 17 Juni 1961, saa nane mchana, mwanamke mwenye umri wa miaka arobaini na mitano aligonga mlango wa Bi Farrar, nyumba ileile ya Barabara ya Kinu. Alikuwa Bi Idella Pompey wa Springfield, mpanga barua katika posta ya mji ule. Alikuwa amepanda mabasi mawili. Alivaa kofia ya bluu na alishika daftari la shule. Mpwa wa marehemu, Corinne, anayesoma maneno haya, alikuwa na miaka kumi na tisa, na kiangazi kile alikuwa mchapaji wa shangazi yake. Yeye ndiye aliyeleta maji ya limau, na alibaki chumbani, kwa hiyo yanayofuata hakuyasikia kwa mtu.

Bi Pompey alisimama akatamka bila kufungua daftari: "Dinah alimzaa Prudence. Prudence alimzaa Silas. Silas alimzaa Lydia. Lydia alimzaa Amos. Amos alimzaa mama yangu Hester, na Hester ndiye aliyenizaa mimi. Na Prudence alikuwa mtoto wa Joseph Winnock wa nyumba hii hapa."

Lois akasema, "Kaa, Bi Pompey."

"Nimekaa basini saa tano nzima, mama. Nitasimama kidogo."

"Unayo karatasi?"

"Ninayo midomo ya watu watano, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyebadilisha jina hata moja. Mama ana miaka themanini na mitatu. Sikuja kutaka shamba wala nyumba. Anataka kuliona jina la Prudence kitabuni kabla hajafumba macho. Mstari mmoja tu."

"Mstari mmoja unahitaji karatasi moja."

"Na mimi karatasi niitoe wapi, Bi Farrar, ikiwa waliokuwa na kalamu walikuwa watu wako?"

Lois aliitazama meza ya kuandikia. Kisha akasema, "Ndiyo kanuni yetu. Nimemkatalia hata mke wa jaji."

Bi Pompey akacheka, kicheko kifupi. "Basi niko na wakubwa wenzangu." Akanywa maji ya limau yote, akamrudishia Corinne bilauri. "Binti, sukari uliionea huruma. Lakini asante." Akaondoka kwenda kituo cha basi, maili moja na nusu, kwa miguu. Gari la Lois lilikuwa limeegeshwa uani.

Ukurasa wa Biblia ulikuwa katika droo ya juu ya meza ya kuandikia, hatua tatu kutoka aliposimama Bi Pompey. Corinne hakujua. Lakini mwaka mmoja kabla, akizipanga kadi, alikuwa ameiona kadi namba 214 yenye jina la Prudence. Aliuliza, akajibiwa, "Hiyo bado." Baadaye kadi haikuwapo. Siku ile jina lilitamkwa chumbani, na Corinne alilitambua. Hakusema. Jumatatu alichapa barua ya kukataa, sentensi tatu, akaipeleka kutiwa saini, akaipeleka posta. Haikuwa na kosa hata moja.

Lois angeweza kumpa mtu mwingine namba ile, na hakuna ambaye angejua. Hakuweza. Alikuwa na uaminifu wa kutosha kuiacha wazi, na hakuwa na zaidi ya hapo.

Kwa hiyo siku ya 4 Agosti 1962, saa moja baada ya vitabu kugawiwa, Binamu Thaddeus aliinua nakala yake juu. "Orrin! Mia mbili kumi na nne umempeleka wapi?" Bwana Orrin Stackpole, mpiga chapa wetu, alikuwa amepanga herufi za kurasa zote 412 kwa mkono wake. Alimtazama Lois. Lois alikuwa anakoroga chai. Orrin, ambaye ni mtu mwungwana, akasema, "Ametoka kununua maziwa. Atarudi."

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mzaha wetu. Funguo zikipotea, ziko kwa 214; miwani ikipotea, anayo 214. Pai ikiliwa usiku, kaila 214. Kiti kikibaki tupu kwenye mkutano mtu atasema, "Msikae hapo, ni pa 214." Watoto wetu wameurithi mzaha huo pamoja na vijiko vya fedha. Mwaka 1963 Lois alitoa karatasi ndogo ya masahihisho, na kuhusu ukurasa wa 88 aliandika: kosa la uchapaji. Katika yote aliyoyachapisha maishani, maneno hayo matatu ndiyo uongo pekee tuliouona. Mwaka uliofuata mji ulimnyang'anya Bwana Stackpole kazi ya kuchapa ripoti ya mwaka, kwa kuwa, walisema, macho yake yameanza kumchezea. Yalikuwa mazima.

Septemba 1986 madaktari waligundua kwamba Lois ana saratani ya kongosho. Alikataa kulazwa. Alikaa Barabara ya Kinu, katika chumba alichozaliwa, na Corinne alikuja kutoka Boston kila Ijumaa. Jioni ya 24 Oktoba alimwambia avute droo ya juu aitoe kabisa, aigeuze chini juu. Bahasha ilikuwa imegandishwa kwa gundi chini ya ubao.

Corinne aliusoma ukurasa uliokuwamo mara mbili. "Shangazi, ulikuwa na karatasi hii siku ile?"

"Nilikuwa nayo."

"Kwa nini?"

"Baba alikuwa hai. Asingekiweka kitabu mezani kwake."

"Babu alikufa sitini na tatu."

"Najua alikufa lini, Corinne. Mimi ndiye niliyeandika cheti." Alipumzika kidogo. "Baada ya hapo sikuwa na kisingizio. Nilikuwa na mazoea tu. Kila mwaka ulikuwa unaniambia, mwaka jana ulishindwa, mwaka huu utawezaje. Na kila Agosti wananichekea na maziwa ya Orrin."

"Unataka nifanye nini?"

"Iandike. Weka kwenye wasifu. Lakini isomwe nikishafukiwa."

"Kwa nini isisomwe wewe ukiwapo, uombe radhi mwenyewe?"

"Kwa sababu mimi ni mwoga, mwanangu. Hilo nalo liandike."

Limeandikwa.

Kuhusu kufukiwa, hatukumtii. Utaratibu wa kanisa hili ni wasifu kwanza na kaburi baadaye, na ukoo huu, kaburi likishafunikwa, hukimbilia maharage ya ukumbini.

Lois alifariki Jumatatu, 19 Januari 1987, saa kumi alfajiri, Alden akiwa kando yake. Ardhi ilikuwa imeganda na malango ya makaburi yamefungwa tangu Desemba, kama kila mwaka, kwa hiyo jeneza lake limengoja katika chumba cha mawe kilimani hadi wiki hii. Baridi ilitupa miezi mitatu, na tuliihitaji.

Februari Corinne alikwenda Springfield na ukurasa ule ndani ya mkoba. Bi Pompey, aliyestaafu posta, alimfungulia mlango, akamwangalia, akasema, "Binti wa limau." Waliketi jikoni. Alisoma mwandiko wa shemasi polepole, miwani ikiwa puani, kisha akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Ulikuwa unajua?" Corinne aliuliza.

"Mtu asiyejua hukuangalia usoni. Shangazi yako aliangalia droo."

Akasimulia kwamba kitabu kilipotoka alikinunua kwa barua, akamsomea mama yake kitandani. Walipofika ukurasa wa 88 mama, Bi Hester, alimwambia arudie namba. Akarudia. Mia mbili kumi na tatu, mia mbili kumi na tano. Bi Hester akasema, "Wametuwekea kiti, wakatunyima sahani." Alifariki tarehe 11 Novemba 1962. Kitabu walimwekea jenezani, kimefunguliwa pale pale.

Corinne alimweleza pia habari ya mzaha. Ilibidi, kwa sababu angeusikia hapa leo kwa mtu fulani. Alimweleza kuhusu funguo, pai, miwani na maziwa. Alipomaliza hakuweza kuinua macho kutoka kwenye kitambaa cha meza. Bi Pompey alivua miwani yake.

"Kumbe miaka yote hii nimekuwa nikibeba miwani yenu," alisema. "Waambie waje waichukue."

"Nitawaambia."

"Usiwaambie kwa upole."

Aliulizwa kama angekuja leo. Alisema atakuja kwa sababu mama yake angekuja, na kwamba msamaha hakuahidi. Alimtaka Corinne aliandike hilo pia, ili mtu asije akamshika mkono mlangoni na kumshukuru kwa kitu ambacho hajakitoa.

Mwezi Machi kamati ya ukoo ilikutana. Binamu Thaddeus alisema jambo hili ni kweli lakini si la msibani. "Msiba si mahali pa kufulia nguo." Alden, ambaye ni mwana pekee wa marehemu, na ambaye alikuwa amejua kwa wiki mbili tu, alijibu, "Tumezivaa chafu miaka ishirini na mitano, Thad. Isomwe. Mama asipunguziwe wala asiongezewe." Kura zilikuwa tisa kwa mbili.

Bwana Stackpole alipelekewa nakala kabla ya wote, akiwa na miaka themanini na minne. Aliisoma dukani kwa binti yake, akavua kofia, akaivaa tena. "Robo karne nimekuwa mjinga wa ukoo ambao hata si wangu," alisema. Kisha akaomba apange mwenyewe herufi za wasifu huu. Programu mliyoishika ni kazi yake. Haina kosa la uchapaji.

Lois Winnock Farrar alikuwa karani mwaminifu, mke mwema, mama mwenye subira, na shangazi aliyemfundisha mpwa wake kazi inayomlisha mpaka leo. Alibeba mawe vuli nzima ili jirani arudishiwe futi nne. Watu wa Prudence aliwanyima haki yao kwa miaka ishirini na tisa. Ni mtu yuleyule, na sisi tuliomjua hatuwezi kumzika nusu. Wala aibu hii si yake peke yake. Tulimwamini kwa sababu kitabu chake kilitupendeza, na pengo lilikuwa limechapishwa mbele ya macho yetu wote.

Ameacha mwanawe Alden Farrar na mkewe Joanna, wajukuu wawili, Tobias na Grace, na mpwa wake Corinne Winnock. Ameacha binamu yake Bi Idella Pompey, ambaye kama yeye ni kizazi cha sita kutoka kwa Joseph Winnock, na wazao wengine sitini wa Prudence tuliofanikiwa kuwajua kufikia jana, ambao majina yao yote yako nyuma ya programu hii, kwa herufi zenye ukubwa sawa na za wengine.

Apumzike kwa amani. Kazi ya kuficha imekwisha.

Baada ya maziko tutakutana ukumbini. Ukurasa wa Shemasi Ebenezer utakuwa mezani karibu na mlango, na Bi Pompey atapakuliwa sahani ya kwanza. Wazao wa Prudence wakiingizwa mahali pao kitabuni, namba nyingi zinazofuata zitasogea, na ya Lois ni mojawapo. Jiwe lake lilichongwa vuli iliyopita kwa agizo lake mwenyewe, jina na namba, 1107. Jumanne asubuhi mchongaji atakuja kuifuta, na mahali pake patabaki wazi mpaka kitabu kipya kitakapotoka.